Jina Lisilotajwa Nyumbani kwa Geng

“Tanuri! Mwanamke mzima anakataa nyumba ya vyumba vitatu kwa ajili ya tanuri!”

Mama Kou alikuwa amepanda juu ya mtungi uliopinduliwa ili kichwa chake kivuke ukuta wa uani, na kidole alichokinyoosha kilikuwa karibu kumtoboa Shuniang jicho. “Kwani udongo wa kusini haufinyangiki? Huko watu hawali mikate?”

“Watu gani?” Shuniang alijibu bila kuacha kukanda unga. “Umefika kusini wewe? Nusu ya ile mitaa ni mashamba ya figili. Alfajiri nitamuuzia nani mkate, sanamu za kufukuzia ndege?”

“Mimi nina mtoto wa kuoza! Watu wa binti wanataka hariri, na nimeshawaambia hariri ipo. Msimamizi wa Waziri Geng kasema nyumba zote tano au hakuna. Wewe mmoja ukigoma, mwanangu anabaki kapera mpaka meno yamtoke. Ndivyo unavyotaka, shoga yangu?”

“Mwanao alikuwa kapera kabla sijagoma.”

Kicheko kilisikika nyuma ya ukuta wa tatu, kisha kikakohoa kujifanya si kicheko. Ugomvi wa hawa wawili ulikuwa mali ya mtaa mzima. Ukianza, watu waliacha kutwanga ili wasikose neno.

Mumewe Shuniang, Lu Dashun, alikuwa amekaa kizingitini akisuka ungo. Mgongo wake ulikuwa haufai kwa kazi nyingine tangu alipoanguka kutoka kwenye paa la hekalu. “Mama Kou,” alisema taratibu, “shuka hapo. Huo mtungi una ufa.”

“Mwambie mkeo!”

“Nimemwoa tu, sijamweza.”

Mama Kou alishuka, lakini mdomo wake ulibaki juu. “Kesho Waziri mwenyewe anatupokea uani kwake, nyumba zote tano, tuiname tushukuru, na wakwe zake wakubwa wakubwa wakitazama. Usipokuja utatutia aibu. Ukija halafu ukaropoka, nitakukana mbele za watu. Haki ya mbingu, nitakukana.”

“Nitakuja,” Shuniang alisema, akapiga donge la unga kwenye ubao kiasi cha kuwarusha kuku. “Nina maneno yangu na yule mtoto.”

Yule mtoto, Waziri mwenyewe, alikuwa na miaka hamsini na mbili, na alivaa zambarau, rangi ya wenye vyeo vya juu.

Hilo la zambarau ndilo lililouwasha moto mtaa. Mtaa wao, kama mitaa yote ya Luoyang, ulizungushiwa ukuta, na lango lake lilifungwa ngoma ya jioni ikilia na kufunguliwa kwa ngoma ya alfajiri. Wote walipita lango hilo hilo, bibi harusi na mzoa kinyesi, na alfajiri wote walisimama hapo wakipiga miayo na kungoja lifunguliwe. Hao ndio waliokuwa wateja wa Shuniang: makarani, wapagazi, watumishi wa mahakama, wenye njaa na mikono baridi, mkate wa ufuta ukitoka tanurini ukawachoma vidole. Sheria ilimruhusu mtu wa namna moja tu kutoboa ukuta wa mtaa na kufungua mlango wake mwenyewe kutazama barabara kuu, na kupanga safu ya mikuki ya rangi mbele yake. Mtu huyo ni mwenye cheo cha daraja la tatu kwenda juu. Mtaa ule wa wasuka nyungo na waponda ufuta haukuwahi kumzaa mtu kama huyo. Sasa umemzaa. Na kati ya nyumba ya Geng na ukuta wa barabara kulikuwa na vibanda vitano, cha Shuniang kikiwa katikati kabisa.

*

Asubuhi yake alivaa koti la bluu alilolitia viraka kwa uzi wa rangi ile ile, akajipaka mafuta ya ufuta kwenye nywele. Dashun alimtazama akimaliza.

“Utamwambia nini?”

“Alichosema baba yako. Kwamba waliijenga ile tanuri wawili, yeye na baba yake Waziri, na kilichosemwa siku ile.”

“Hao sasa wamegundua babu yao alikuwa jemadari wa enzi ya miaka mia tano iliyopita. Mtaalamu wa koo kawatafutia, kalipwa farasi. Unadhani wanataka kukumbushwa mambo ya udongo?”

“Jemadari!” Shuniang alicheka. “Nilimjua babu yao. Alikuwa anauza mafagio na hana meno.”

“Basi hilo usiliseme.”

“Hilo nitaliacha.”

Waliingia kwa Geng kwa mlango wa nyuma, ule wa kuni, wanawake na waume zao waliovaa kama watu wa kwenda kuzika, isipokuwa Dashun, aliyebakizwa nyumbani na mgongo wake. Bawabu aliwazuia mmoja mmoja, akawakagua viatu, akawanusa karibu. Shuniang alipofika, bawabu alimwinamia kidogo.

“Wewe wa mikate. Sikiliza. Humu ndani marehemu Bwana Mkubwa hatajwi jina. Umeelewa?”

“Jina lipi?”

“Jina lake.”

“Ndiyo, lakini lipi?”

Bawabu alitazama huku na huku. “Mwanamke, unataka nilitaje mimi ndio ulijue? Nina watoto.”

“Sasa nitalikwepaje nisilolijua?”

“Pita! Pita, unazuia watu.”

Mama Kou, ambaye tangu jana alikuwa hasemi naye, alishindwa kuvumilia. Alimsogelea na kumnong’oneza: “Ni lile alilopewa na mfalme, Mwana wa Mbingu, baada ya kufa. Mtukufu wa Unyofu na nini sijui. Lile refu.”

“Hilo hata ulimi wangu hauliwezi.”

“Basi nyamaza nalo.”

Wote wawili walitulia, kwa sababu jambo lilikuwa limekaa sawa. Marehemu alipewa jina kubwa, jina kubwa ni zito, zito haliguswi. Haikumjia yeyote kati yao kwamba jina linalokatazwa linaweza kuwa lile jingine dogo, ambalo mtaa mzima ulilipigia kelele enzi za uhai wake kila mwuza mchele alipokuja kudai.

Walipita ua wa kwanza, wa pili, wa tatu. Shuniang alikuwa ameijua nyumba hii ikiwa vyumba viwili na nguruwe. Alikuwa ameazima chumvi humu. Sasa alitafuta pale palipokuwa na nguruwe, akaona dimbwi la maji tulivu na jiwe lililobebwa kutoka ziwa la kusini na ng’ombe arobaini, kama walivyosema waliolihesabu. Nguzo zilikuwa nene kuliko mikono yake miwili kuzizunguka. Lakini kilichomshangaza kilikuwa kimya. Watu zaidi ya mia mbili walisimama katika ua wa nne, wana, wajukuu, wake zao, binamu waliotokea mikoani baada ya habari ya zambarau kuwafikia, na hakuna aliyejikuna. Alichosikia ni hariri tu, ikisugua hariri, kama mvua ndogo isiyofika chini. Alijikuta anatembea kwa ncha za vidole. Alijikasirikia, lakini hakuweza kushusha visigino.

Juu ukumbini, kwenye kiti cha heshima, alikaa Mzee Yin. Ukoo wa Yin ulikuwa mkubwa kabla ya kuwapo kwa nasaba hii ya wafalme, na kabla ya ile iliyoitangulia. Walikuwa wamemtoa binti mmoja kuolewa na mdogo wake Waziri, kwa mahari iliyojaza mikokoteni kiasi kwamba lango la mtaa lilichelewa kufungwa. Walichukua hariri, binti wakamleta, lakini hakuna mzee wa Yin aliyewahi kutia chakula cha Geng mdomoni. Mtaa ulilijua hilo kutoka kwa wapishi. Kila mwaka meza iliandaliwa, na kila mwaka Mzee Yin alikumbuka kwamba tumbo halimruhusu. Leo alikuwa anazitazama nguzo mpya kama mtu anayekagua samaki sokoni, anayemfunua shavu kuona kama ndani pekundu.

Msimamizi aliita nyumba moja moja. Wa kwanza akapiga magoti, akainama, akapewa kikombe cha mvinyo, akashukuru. Wa pili. Mama Kou aliinama mara nyingi kuliko ilivyotakiwa na kumwaga nusu ya mvinyo.

“Nyumba ya Lu.”

Waziri Geng Yanzhi alimtazama Shuniang akipiga magoti, na uso wake ulilainika kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana ilikuwa vigumu.

“Mke wa Dashun. Bado ile mikate ya ufuta?”

“Bado, Bwana Mkubwa. Ndiyo iliyonileta.”

Msimamizi aligeuka ghafla. Hilo halikuwa katika mpango.

“Huko kusini tunakopelekwa hakuna mtu wa kununua mkate,” Shuniang alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa mno katika kile kimya, lakini hakuwa na nyingine. “Mume wangu mgongo umekufa. Tanuri ndiyo inayotulisha. Sisemi msipate mlango, mtu wa cheo chako atapitaje na wazoa kinyesi? Ila ile tanuri, Bwana Mkubwa, baba mkwe wangu hakuijenga peke yake. Marehemu baba yako alikanyaga udongo wake kwa miguu yake mwenyewe, suruali kaikunja mpaka mapajani. Walipomaliza akamwambia baba mkwe, ‘Kaka Lu, maadamu mimi Maoli nina paa, hakuna wa kukuhamisha hapa.’ Sikutunga. Maoli ndiye aliyesema. Muulize yeyote wa zamani kama Maoli alikuwa mtu wa kusema neno akalivu...”

Hakumaliza.

Waziri aliinuka kama aliyechomwa mkuki. Alianguka mbele ya kiti chake, mkanda wake wa mawe ya thamani ukagonga sakafu, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu mzima. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyeambiwa sasa hivi, dakika hii, kwamba baba hayupo. Nyuma yake wadogo zake walianguka. Nyuma yao wanawe. Kisha wajukuu, vijana ambao hawakumwona mzee yule hata siku moja, walipiga paji la uso kwenye mawe na kulia. Kilio kilishuka ngazi, kikavuka ua, kikawafikia binamu wa mikoani, wakaanguka nao. Wapiga zeze waliokuwa wakingoja zamu yao waliweka vyombo chini. Wageni walisimama, kwa sababu jina la baba likitajwa mbele ya wanawe hakuna sherehe tena, hakuna mvinyo, nyumba nzima inarudi kwenye msiba.

Shuniang alibaki amepiga magoti, peke yake aliye wima katikati ya migongo. Alielewa. Ni lile dogo. Ni Maoli.

Alimkumbuka Maoli akijificha nyuma ya banda la nguruwe, akimwashiria kwa kidole mdomoni amwambie mwuza mchele kwamba hayupo. Alikumbuka wino kwenye kucha zake, maana alinakili sala za watu kwa ujira mdogo mpaka macho yakafifia, na watoto wanne wakisoma kwa taa ile ile. Mtu mwembamba wa kucheka ovyo. Na jina lake, jina lile lile ambalo yeye Shuniang alilibeba mdomoni kama chumvi, lilikuwa limeangusha zambarau chini. Watu mia mbili! Hakuwahi kuona jeshi, lakini alidhani jeshi likianguka linafanana na hivi. Aliogopa kwa ajili ya nyumba yake, aliogopa kwa ajili ya ngozi yake, na juu ya hofu zote mbili kulikuwa na kitu kingine kilichomfungua kinywa na kukiacha wazi. Binadamu anaweza kutoka kwenye banda la nguruwe na kufika hapa. Katika maisha ya mtu mmoja tu, yeye Shuniang akiangalia, mbele ya macho yake.

Ndipo Mzee Yin alipoinuka.

Alikitazama kilio kwa muda mrefu, kama alivyozitazama nguzo. Alikuwa anatafuta uongo, na alikuwa mtu wa kuujua. Koo kama yake ndizo zilizowafundisha watu kulia hivi. Aliwatazama Waziri na kamasi zake, na mjukuu mdogo aliyejichubua paji la uso, na uongo hakuuona. Kisha alishuka kutoka kwenye kiti cha heshima, ngazi moja moja, akasimama mbele ya mwana wa mnakili sala aliyelala kifudifudi, akainama. Aliinama mpaka mikono mipana ya joho lake ikafagia mawe.

Mama Kou ndiye aliyesimulia hilo baadaye, kwa kila mtu, kwa miaka. Sio siku ya zambarau, alisema, wala siku ya mikuki. Ukubwa wa Geng ulianza siku ile, na mimi nilikuwepo, na kikombe chao mkononi.

*

Lakini saa ile alikuwa anasema mengine. “Mimi simjui huyu!” alilia wakati msimamizi akimburuta Shuniang kwa mkono kuelekea ua wa jikoni. “Tunapakana tu! Ukuta ndio unaotuunganisha, hakuna kingine!”

Msimamizi alimsukuma Shuniang kwenye rundo la kuni. “Unajua ulichokifanya?”

“Nilimwuliza bawabu.”

“Utachapwa mpaka usahau jina lako mwenyewe! Na hiyo nyumba, mlikuwa mpewe hariri, mlikuwa mpewe mkokoteni wa kuhamia. Sasa mtatoka na mlivyovaa. Kesho asubuhi nabomoa. Naanza na tanuri.”

Shuniang alimfikiria Dashun kizingitini. Alifikiria ungo uliobaki nusu. Wapishi walikuwa wamesimama mlangoni wakimtazama kama wanavyomtazama kuku aliyekwisha kufungwa miguu.

Ikasikika fimbo juu ya mawe. Wapishi wakapotea. Msimamizi alipiga magoti haraka kiasi kwamba alipiga goti moja kwenye kuni.

Bibi Mkubwa Fu, mjane wa marehemu, alikuwa hajaonwa na mtaa kwa miaka. Alikuwa amesinyaa na kuwa mdogo. Nywele zake zilikuwa na dhahabu nyingi kuliko nywele. Vijakazi wawili walimshika viwiko, naye akawapungia mkono waende. Hawakutaka, akawapungia tena.

“Nilikuwa nyuma ya pazia,” alisema. “Ni wewe uliyesema?”

“Ni mimi, Bibi Mkubwa. Ujinga wangu. Sikujua ni lile.”

“Sema lingine. Alikunja suruali?”

Shuniang alimtazama msimamizi. Msimamizi alitazama kuni.

“Mpaka mapajani,” alisema polepole. “Na udongo ukamrukia mgongoni.”

“Niliifua mimi. Doa halikutoka.”

“Alikuja kuivaa hivyo hivyo kwenye harusi yangu.”

“Kwa sababu hakuwa na nyingine!” Bibi alicheka, na kicheko kikamkwama. Alishika fimbo kwa mikono miwili. “Tangu tumzike sijasikia mtu akilitaja. Wanangu wanalilia, hawalitaji. Watumishi wakilitaja wanachapwa. Wajukuu wanainamia kibao cha marehemu chenye jina la jiwe, lile refu, lisilo lake. Nyumba kubwa hivi, mke wa Dashun, na hakuna mtu hata mmoja humu anayeweza kuniambia Maoli alisema hivi, Maoli alifanya vile. Mimi mwenyewe hainipasi.” Aligonga fimbo chini. “Nimelitaja sasa. Basi.”

Waziri alitokea kwenye kona akitembea haraka, macho mekundu, joho na vumbi la magotini. Alipomwona mama yake aliinama. Alipomwona Shuniang alikunja uso.

“Mama, rudi ndani. Mzee Yin amekubali kubaki kwa chakula. Amekubali, Mama! Amesema mwenyewe. Anakungoja.”

“Angoje.”

“Mama...”

“Huo mlango wenu wa mikuki. Unapita wapi?”

Waziri alielekeza mkono upande wa barabara. “Katikati ya vile vibanda. Mnajimu ameshapima, ndipo penye heri.”

“Pembeni yake ni kwa nani?”

“Kwa Kou.”

“Kou wanataka kuhama?”

“Wanataka sana,” Shuniang alisema, kabla hajajizuia. “Wana kijana wa kuoza.”

“Basi upite kwa Kou, wapewe na hariri ya nyumba mbili. Tanuri ya baba yako haiguswi.”

“Mnajimu atasema...”

“Mnajimu anakula nyumbani kwangu. Mwambie apime tena.”

Waziri wa daraja la tatu alisimama na mikono yake pembeni. Kisha aliinama tena, chini zaidi, kwa namna ambayo hakumwinamia Mzee Yin. Msimamizi aliyekuwa chini alianza kusogea nyuma kwa magoti.

Shuniang aliona mbele ya macho yake mambo mawili kwa pamoja: tanuri yake ikiwaka alfajiri, na kando yake, umbali wa mkono mmoja tu, safu ya mikuki ya rangi ikiinuka gizani na farasi wakitoka. Alitaka kushukuru, akaanza kupiga paji la uso chini, lakini fimbo ya Bibi ilikuwa imemzuia begani.

“Inuka. Nguo itachafuka. Na huyu anakula na mimi,” Bibi alimwambia mwanawe.

“Mama, Mzee Yin yuko mezani. Mara ya kwanza katika...”

“Mzee Yin atakula na wewe. Mimi nina mgeni wangu.”

Waziri alisogea kando. Kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa vijakazi walikuwa wamefukuzwa, aliliinua pazia la mlango na kulishikilia juu, mkono wa zambarau ukining’inia, huku mama yake akimvuta mke wa msuka nyungo kwa ukosi wa koti la bluu.

“Ingia, mke wa Dashun. Unaogopa nini, ulikuwa unaingia bila kubisha. Kuna nyama ya kondoo, na nimewaambia wapike uji wa mtama, ule mwepesi, wa zamani. Ingia tule.”